Santuri Saba Kando ya Jiko

Ilomba, Mbeya
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Kaka yangu Bakari,

Kamwene. Naanza na salamu ya nyumbani kwa sababu huku nikiamka nasalimiwa "Ugonile" na mama mwenye nyumba, nami kwa kusahau namjibu "Kamwene", naye anacheka mpaka kanga inamtoka begani. Hujambo wewe? Mama hajambo? Miguu yake inasemaje na baridi hii? Shemeji Asha na mtoto wanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu.

Kabla sijaendelea nakuomba jambo moja. Najua barua zangu huzichomeka kwenye kioo cha kabati mpaka Ijumaa, ndipo unapozisoma kwa sauti baada ya chakula, Mama akiwa mkekani. Hii usiichomeke. Isome leo hii, ukiwa peke yako, mpaka mwisho. Mama utamweleza mwenyewe kwa maneno utakayoyachagua.

Kazi inaendelea. Bado niko ofisi ile ile ya mizigo, naandika malori yanayoingia na yanayotoka, yamebeba nini na yanakwenda wapi. Mkuu wetu hagombi, lakini ana tabia ya kusimama nyuma ya kiti changu akisoma ninachoandika, na hapo ndipo ninapokosea. Unanijua. Nikikosea herufi moja naandika ukurasa mzima upya. Wenzangu wananiita Mzee wa Kopi. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlima Loleza hadi mlangoni mwetu, na nikiuona huo ukungu najiona niko kwetu Mlandege, naenda shule nimeshika kiazi cha moto mfukoni cha kupashia vidole. Halafu ukungu unapanda, naona milima si yetu, moyo unarudi mahali pake.

Sasa nikueleze habari ya kasha.

Karibu na soko kuna duka la Bwana Kanji, mzee mmoja wa Kihindi anayeuza redio, betri na sindano za gramafoni. Tangu mwezi wa pili ameweka kitu ndani ya kabati la kioo. Ni kasha jeusi, gumu, pana kama trei ya chai. Ndani yake mna santuri nane za wale Waingereza wako, wale wenye nywele ndefu. Kaka, nane zote, zile zile ulizokuwa nazo. Wametimiza miaka kumi na mitano tangu waanze kupiga, kwa hiyo santuri zao za mwanzo zimepigwa chapa upya, zikawekwa pamoja na kitabu cha picha. Bwana Kanji alimwagizia mhandisi mmoja wa barabara, mzungu, kupitia kwa mpwa wake aliyeko Ndola. Kasha lilipofika mhandisi alikwisha kurudi kwao. Likabaki.

Bei yake ni shilingi mia nne na themanini. Mshahara wangu wa mwezi haufiki hapo. Zile moja moja mlizokuwa mnanunua wewe na rafiki yako Atilio kwa madereva wa Zambia, zimekwaruzwa na jalada limepasuka, zote nane zikijumlishwa hazikufika robo ya bei hiyo. Nilimuuliza Bwana Kanji kwa nini kitu cha zamani kiwe ghali kuliko kilipokuwa kipya. Akasema, "Zamani nauza nyimbo tu. Sasa nauza nyimbo na kumbuka. Kumbuka ndiyo ghali."

Nikawa naenda kila Jumamosi nikitoka kazini. Nasimama, natazama, naondoka. Jumamosi ya nne au ya tano mzee akaniambia, "Wewe kijana natazama sana, kioo yangu takwisha." Nikaona haya, nikamwachia arbuni ya shilingi hamsini ili asimuuzie mwingine, na kila mwisho wa mwezi nikawa naongeza. Ndiyo sababu hela ya Mama imekuwa ndogo. Niliandika kwamba kodi ya chumba imepanda. Haikupanda. Nisamehe kwa hilo, ingawa hilo ni dogo.

Lilikuwa kasha lako, Kaka. Nilitaka nilipakie basi, nishuke nalo pale stendi, nilitue mezani mbele yako, na iwe imekwisha. Nilidhani nikiliweka mezani sitahitaji kusema lolote.

Unakumbuka ule mwaka niliofanya mtihani wa darasa la saba. Julai ile upepo ulikuwa unakata masikio, na jua halikuonekana wiki nzima. Jioni ukarudi kutoka gereji, ukafungua sanduku la santuri, ukatoa ya kwanza ikiwa imejikunja kama chapati iliyoachwa kwenye kikaango. Ya pili vile vile. Saba zote. Ya nane haikuwemo. Ukauliza nani ameingia humu, na Mama akajibu kwamba mchana alikuja Atilio akakaa chumbani peke yake. Wote tulijua Atilio hawezi kukaa mahali bila jiko la mkaa miguuni, na mara ngapi ulimwonya asiliingize mle chumbani. Ukatoka. Sikusikia uliyomwambia huko kwao, lakini niliona uliporudi. Na tangu siku ile Atilio hakukanyaga kwetu, na gramafoni ikafunikwa kitambaa, na Mama akaweka juu yake chungu cha maua.

Si Atilio. Ni mimi.

Atilio alipoondoka niliingia na bakuli langu la uji. Ulikuwa umenikataza kugusa, lakini nilitaka kuusikia ule wimbo wa mwisho, bakuli likaniponyoka, uji ukamwagikia sanduku zima. Nikaogopa. Nikazitoa zote saba, nikaziosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, moja moja, kwa uangalifu, pande zote mbili. Kisha zikawa mbichi na jua hakuna. Nikafanya kile Mama anachofanya na sare zetu za shule siku za baridi: nikavuta jiko, nikazipanga kulizunguka, zikiegemea matofali. Nikaenda kusoma jiografia. Niliporudi kuzigeuza ili zikauke upande wa pili, zilikuwa zimelala.

Nilizirudisha ndani ya karatasi zake, nikarudisha jiko jikoni, nikafuta majivu. Ulipopaza sauti nilikuwa nyuma ya mlango, na kitabu cha jiografia mkononi. Nilingoja mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza. Tangu siku hiyo nangoja.

Miaka sita, Kaka. Nilipopata nafasi ya kazi ulidhani nimeichagua Mbeya kwa sababu ya mshahara. Na sikukuu mbili sikuja nyumbani nikisingizia zamu. Nilikuwa siwezi kukaa sebuleni na ile gramafoni chini ya maua, na wewe uliyenilipia ada mpaka kidato cha nne ukiniita mwenye akili wa nyumba yetu.

Jumamosi ya wiki iliyotangulia, si ya jana, nilibakiza shilingi themanini tu. Bwana Kanji alikuwa na furaha, akasema siku hizi nyumbani kwake hakuna anayesikiliza kitu, basi tuonje moja. Akafungua kasha. Ilinukia rangi mpya. Alipoitoa ile ya nane nilisogea karibu. Unakumbuka wimbo wa tatu, pale gitaa linapopanda, yetu ilikuwa inaruka? Wewe na Atilio mlikuwa mnainua vidole kabla haijafika, mnahesabu, halafu wote wawili mnapiga meza kwa pamoja na sindano inavuka. Na mimi nikipewa kazi ya kuwatafsiria maneno, nusu nikiyatunga, ninyi mkiyaimba hivyo hivyo kama Kurani.

Wimbo wa tatu ukaanza. Gitaa likapanda. Nikainua kidole pale pale dukani, nikangoja. Halikuruka. Lilipita tu, safi, kama gari linalopita mbele ya nyumba ya watu lisisimame. Nilitoa machozi mbele ya wateja, nikajifanya nina mafua. Mzee akainua sindano. Nilimwomba anioneshe karatasi ya ndani. Nyeupe tupu. Za kwetu zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wako: siku tuliyoisikiliza mara ya kwanza, na majina ya waliokuwepo, kama daftari la mahudhurio. Nikajua hata nikikuletea kasha hili nitakuwa nimekuletea nane za mtu mwingine.

Sikumlipa zile themanini. Sikumwambia pia kwamba silitaki. Niliondoka tu, unajua nilivyo.

Jumatano, mtu akaingia ofisini kugongewa muhuri karatasi za mzigo wa mbolea. Nilikuwa naandika bila kuinua macho. Nikauliza jina la dereva, akasema, "Andika Atilio. Na ukikosea usirudie ukurasa, nina haraka."

Kalamu ilinidondoka. Amenenepa kidogo, ana kovu kwenye kidevu, lakini ni yule yule, na Mbeya ilivyo baridi amevaa makoti mawili. Alikuwa utingo, sasa ni dereva, anatoka Morogoro, anakwenda Tunduma na kurudi. Alicheka, akasema nimekuwa karani kweli, hata shingo imekuwa ya karani. Akauliza habari za Mama. Akauliza kama bado anakaanga vitumbua pale barabarani. Jina lako hakulitaja.

Mkuu alikuwa chumba cha pili. Nilitoka na Atilio mpaka kwenye lori, na pale kando ya gurudumu nikamwambia. Nilisema vibaya, kwa kuruka ruka, uji, sabuni, jiko, jiografia. Nilitegemea anipige. Aliendelea kufunga kamba ya turubai mpaka akamaliza fundo.

"Najua," akasema.

Nikamwambia hawezi kujua.

"Nilisahau kofia yangu, nikarudi. Nikachungulia dirishani. Umepanga santuri kuzunguka jiko kama watu wa msibani, nawe unatoka na kitabu mkononi. Nikadhani Bakari amekutuma. Alipokuja kwetu kunitukana ndipo nikaelewa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

"Ulikuwa na mtihani mwaka ule. Na kaka yako ulivyomwona siku ile, angekutoa shule ukashike spana. Nikasema apoe kwanza. Hakupoa. Na mimi nina kiburi changu."

Ndivyo alivyosema, Kaka, na hakuongeza. Nilimwambia habari ya kasha, kwamba nimebakiza themanini, kwamba nitamnunulia yeye. Akacheka kwa sauti mpaka utingo wake akachungulia. "Mia nne na themanini? Kwa hela hiyo si ningewaita wenyewe waje wapige Mlandege?" Kisha akafungua mlango wa lori, akavuta kitu nyuma ya kiti, kimefungwa kwenye gunia.

Ni ya nane. Siku ile aliiazima, ndiyo maana haikuwemo. Ameitunza miaka sita na hana gramafoni. Karatasi yake ni ile ile, mwandiko wako: jina lako, jina la Atilio, na chini kabisa, "na mdogo wetu Yahaya, mkalimani". Nilikuwa nimesahau kwamba uliniandika.

Nilirudi kwa Bwana Kanji jana. Nilimweleza kwa heshima kwamba nimeghairi, na nilikuwa nimejiandaa kupoteza ile arbuni. Akanirudishia hela zote, ila akakata ya sindano moja ya gramafoni niliyomwomba. Akasema kasha litabaki pale kwenye kioo, na niendelee kuja kulitazama, sasa bure. Ile sindano iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye pamba. Hela iliyobaki ni ya Mama, pamoja na nauli yangu. Nimeomba likizo ya siku nne na mkuu amekubali, ingawa alisimama nyuma yangu muda mrefu kwanza. Nitafika kwa basi la Ijumaa. Ukisema nisije, nitakuja hivyo hivyo, nisimame mlangoni, unitukane mimi safari hii.

Nisalimie Mama, mwambie harufu ya vitumbua vyake nimeitafuta Mbeya nzima sikuipata. Nisalimie Shemeji Asha, na mtoto umbebe begani kwa niaba yangu. Nisalimie Bibi, mama wa Mama, umwambie soksi alizonifuma ndizo nilizovaa nikiandika. Na Mzee Shabani fundi cherehani, jirani yetu aliyenishonea suruali ya kuanzia kazi, mwambie haijafumuka.

Kaka, naona umefika mwisho. Sasa nikuambie kwa nini nilitaka uisome leo. Barua hii hukuletewa na posta. Mama ameipokea kwa mtu aliyenunua vitumbua, naye akamwomba Mama asimtaje, na Mama anajua kutunza neno. Mtu huyo aliipitia kwangu akirudi kutoka Tunduma; amesema hatapiga hodi kwenye nyumba aliyofukuzwa, lakini pia amesema barabara ni ya wote. Lori lake ni la bluu, limesimama ng'ambo ya barabara, ng'ambo ya pale Mama anapokaangia. Atangoja mpaka adhana ya magharibi, kisha ataondoka kwenda Morogoro. Ile ya nane anayo mapajani.

Ondoa maua juu ya gramafoni. Vaa viatu.

Mimi mdogo wako niliyekuwa nyuma ya mlango,
Yahaya