Kibuyu Langoni

Kiplimo wako atatoka, Tecla! Atatoka rumande, na wa kumtoa ni Aron wangu. Jumanne inayokuja Aron atasimama kortini Kericho, mbele ya hakimu na watu wote, aseme kwamba aliyemuua Ombati ni polisi, si mtoto wako. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ukiona mwandiko wangu siku hizi moyo wako unaruka.

Sasa nikusalimu kama watu wenye adabu. Chamgei, mdogo wangu. Hapo Kapsoit mnaendeleaje? Mguu wa shemeji Johana umepona? Na yule ng'ombe aliyekuwa anampiga ndama mateke, amekubali kunyonyesha? Sisi huku Roret tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mvua inanyesha kila alasiri na majani chai yanachipuka mpaka mikono haitoshi. Chelangat, mke wa Aron, yuko hapa kwangu, tumbo limeshashuka. Wakati wowote nitaitwa nyanya, na huyo mjukuu atakuja na meno ya baba yake, we ngoja tu.

Unayakumbuka hayo meno? Siku ile ya kuandikwa polisi vijana walikimbizwa mpaka wengine wakatapika, na Aron akafika kama mtu anayetoka kuchota maji. Afisa akamwambia afungue mdomo, kisha akawaita wenzake waje waone meno yaliyopangwa vile. Nimeisimulia hadithi hiyo mpaka kina mama wa kanisani wakiniona wanashika njia nyingine. Wacha washike. Waje na mtoto wao tulinganishe.

Basi, mambo yenyewe. Siku ile hukuwepo, na mengi uliyoyasikia ni ya polisi. Lori la kiwanda lilikuwa halijaja, majani yakapata joto ndani ya magunia mpaka yakawa mekundu na kunuka. Wakulima wakasema basi, wakayamwaga barabarani na kukaa juu yake. Kiplimo, ambaye ulinipa anisaidie kuchuma, asubuhi hiyo alikuwa amegombana na jirani yetu Ombati kwa ajili ya foleni ya mizani. Maneno tu. Kiplimo alimwambia arudi Kisii akapange foleni ya ndizi. Ombati akamjibu kwamba yeye alianza kuchuma chai hapa wakati Kiplimo bado anachuma kamasi. Watu walicheka, na hao wawili wakacheka pia.

Polisi walipofika hawakuuliza swali. Ilikuwa ni moshi wa kutoa machozi na rungu. Kila mtu alikimbia, hata Ombati alikimbia, lakini akarudi kuchukua kikapu chake. Kikapu tu, Tecla, kile alichosukiwa na mkewe Gesare. Alikuwa ameinama alipopigwa nyuma ya shingo. Akaanguka juu ya majani yale yaliyooza na hakuinuka tena.

Kesho yake wakamchukua Kiplimo. Mkubwa wao alisema ni ugomvi wa mpaka, Mkipsigis amemuua Mkisii kama kwenye vita vya makabila vya mwaka wa tisini na mbili, na mashahidi wa foleni si wapo? Uongo huo ulikuta kitanda kimeshatandikwa. Vijana wa upande wa Gesare wakaanza kunoa panga, wa kwetu wakaanza kulala nje, na polisi wenyewe wakawa ndio wa kutuamua.

Mazishini ulikuwepo. Uliniona nikisimama, na unanijua, mimi nikisimama huwa sikai upesi. Nilisimama kwa ajili ya Kiplimo. Nilisema kama ni mtoto wa dada yangu, Mungu aonyeshe. Kisha nikaulaani mkono uliompiga Ombati. Nilisema usishike mtoto wake, na usimzike mama yake. Gesare akaitikia, wewe ukaitikia, kaburi zima likaitikia. Nilirudi nyumbani nimejaa kama debe, nikijiambia leo Rodah umesema.

Jumamosi iliyopita nikasikia mbwa wanafurahi. Nikatoka, nikamwona Aron amesimama nje ya lango bila sare. Nilikimbilia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nilichomwekea tangu alipopewa ule utepe wa koplo, ule niliokuandikia kurasa mbili na kuchinja jogoo. Nikamnyoshea. Akaweka mikono nyuma. Nikamtania, nikamwuliza tangu lini koplo mzima akaogopa kibuyu cha mamake. Hakucheka. Akaniomba niingie zangu nyumbani, na kama nina maji nimtilie kwenye mkebe wa ndama.

Tecla, unakumbuka nyanya yetu alivyokuwa akituambia? Kwamba mtu aliyemwaga damu haingii kwa mama yake, wala hagusi kibuyu chake, mpaka jambo litengenezwe. Sisi tumeokoka, tuliyaacha hayo. Lakini mikono ya mtoto wangu haikuyaacha. Kibuyu nikakiweka chini pale langoni.

Rungu ile ilikuwa ya Aron.

Alinieleza akiwa amesimama. Waliambiwa wapige, akapiga aliyekuwa karibu, na hakuiona sura mpaka mtu alipoanguka na kugeuka. Akaona ni Ombati, aliyemfundisha kuchuma majani mawili na kichomozo alipokuwa hajafika kiunoni kwa mchai. Alikwenda kwa mkubwa wake kusema. Mkubwa akamwambia anyamaze, mtu wa mpakani huwa na wauaji wengi wa kusingiziwa. Utepe ulikuja baada ya hapo. Mimi nikachinja jogoo. Na ile laana yangu alisimuliwa na Chelangat, mkewe mwenyewe, akinisifu jinsi nilivyosema vizuri.

Sasa nikuungamie jambo ambalo ni gumu kuliko hilo. Aron alikuja akiwa ameshaamua kusema. Aliyemwambia asubiri ni mimi. Nilijiambia Kiplimo bado hana mke, hana mtoto njiani, pengine wakili atamtoa. Nilimweka mtoto wako na wangu kwenye mizani, nikaona wako ndiye mwepesi. Nilikwenda kanisani na mawazo hayo, nikaimba. Sikuombi unisamehe leo. Soma tu mpaka mwisho.

Kilichonivunja ni Gesare. Jumatatu nilimkuta shambani kwangu anachuma, bila kuitwa. Alisema amesikia nimebaki bila mtu tangu Kiplimo ashikwe, na majani hayangoji. Akasema anajua si Kiplimo, kwa sababu kijana yule ni mdomo tu, hata kuku huchinjiwa. Nikakaa chini kati ya michai nikamwambia yote. Hakulia, hakunitukana. Alimwaga majani yote aliyokuwa ameyachuma, akageuza kikapu, akakaa juu yake. Kisha akasema Aron aseme palepale uongo ulipopelekwa, asikie yeye na wasikie vijana wenye panga. Na mimi niliyelaani mbele ya watu, niyarudishe maneno yangu mbele ya watu. Nikamwomba apokee walau maziwa ya watoto. Akasema habari ya maziwa yangu ataijua siku hiyo.

Kwa hiyo Jumatatu inayokuja jioni Gesare na watoto watalala kwako. Mpe kitanda cha Kiplimo na umpikie vizuri. Mimi na Chelangat tutalala kwa pasta, kwa sababu sitaota moto mmoja na Gesare kabla mtoto wangu hajasema. Aron yuko mahali, hata hapa sitapaandika. Polisi wawili walikuja jana wakidai ni mgonjwa na wanataka kumpeleka hospitali. Niliwajibu kwamba niliyemzaa hajawahi kuumwa hata jino. Lakini usiku sikulala. Ndiyo maana nataka watu wajae, kutoka langoni mwa korti mpaka kizimbani, wetu na wa Gesare, asipite mahali pasipo na macho. Gizani watamchukua. Mbele ya umati wataona haya.

Nawe ukitaka kunipiga kofi, nipige, nitageuza na shavu la pili. Lakini usinizuie kujivuna. Siku ile rungu zilibebwa na wengi, Tecla, na wa kuja kusema hii ilikuwa yangu ni mmoja, na meno yale yale. Watamfunga, najua. Naomba tu akishike kitoto kwanza.

Kile kibuyu nimekiosha, nimekipaka mkaa upya na kutia maziwa. Nitakuja nacho. Sitakifungua mpaka Gesare aniambie.

Msalimie Johana, na Kiplimo mwambie shangazi, aa, mwambie mama yake mkubwa anakuja. Kiptanui anayekuletea barua hii usimjibu kwa mdomo, yeye mpe chai tu aende.

Ni mimi dada yako,
Rodah, mama Aron

Waambie wote, hata wale wasiotupenda: ni Jumanne asubuhi, kortini Kericho.