Baba, Ulisema ni Mgongo

Baba,

Nimekukasirikia. Naanza hapo, maana barua mbili za upole nilizokuandikia nimezichana.

Tulikuzika hapa Bumula, na siku ya tatu tukanyolewa nywele kama ilivyo desturi. Wazee walipouliza umekufa kwa ugonjwa gani, kaka Wanjala akajibu kwamba ni mgongo. Ndipo Mzee Makokha, mliyetahiriwa naye mwaka mmoja, akainuka. "Si mgongo. Ni kansa ya tezi dume, na alijua hiyo maneno miaka tatu."

Miaka mitatu, Baba.

Kumbe, kama Makokha alivyotusimulia, picha za hospitali zilionyesha kansa haijatoka nje ya tezi. Daktari alikueleza kwamba wangepenyeza sindano nyembamba, wakiangalia kwenye skrini zinapofika, kisha waigandishe kansa kwa baridi kali ife hapo hapo. Ukauliza kama utabaki mwanamume. Hakukudanganya, alisema nguvu za kiume huenda zikaisha. Ukachukua kofia yako ukarudi nyumbani, ukamwapisha Makokha asimwambie mtu.

Na mimi je? Mimi ni nesi. Kila nikitoka kazini Kitale nilikuletea vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua, Mama akakuchua kila asubuhi, na kumbe kansa imeshaingia mifupani. Nilipokuuliza mbona unaenda choo mara nyingi hivyo, ulicheka ukasema, "Hayo si ya msichana kuuliza." Nikanyamaza, nikajiambia ndiyo adabu. Wazee wa watu wengine nawauliza kila siku bila kupepesa macho. Kwa hiyo hasira nyingine ni yangu mwenyewe.

Nilipokuwa darasa la tano ulinituma shambani ning'oe kila mhindi ulioanza kuugua, kabla haujaharibu mingine. Ulijua, Baba. Ulijua vizuri sana.

Mama hakulia siku ile ya Makokha. Alikunja leso yake, akasema, "Si angeniuliza mimi kwanza, mke wake." Tangu hapo hataki jina lako litajwe jikoni.

Nakuahidi hili. Jumatatu Wanjala anakuja Kitale kupimwa damu kuona kama naye ana kansa hii, maana huweza kurithiwa, na nitakaa naye mpaka majibu yatoke. Amelalamika kwamba ataona haya mbele ya dada yake. Nimemwambia aone haya, lakini azione akiwa hai.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na bado nimekasirika.

Binti yako,
Nekesa