Kidude wa Mwisho wa Shangazi Mbeyu

Shangazi,

Kuna jambo ambalo mpaka juzi sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Gemu haikuwa yangu. Ilikuwa yako.

Nyumbani wote wanaamini vingine. Siku ya kumaliza matanga kule Tezo, watu walipokuwa wakigawana kanga zako na viatu vyako, Baba aliitoa kwenye mkoba wako, akaipangusa kwa shati, akanipa mbele ya ukoo mzima. "Chukua gemu yako, Kadzo. Shangazi yako alikuwa akikutunzia." Mama akaguna, "Akimtunzia, au akimharibu?" Watu wakacheka, kile kicheko cha watu waliochoka kulia. Mimi nikaipokea tu. Nilikuona kama uko pale mlangoni, umeziba mdomo kwa upindo wa kanga, unacheka kuwashinda wote.

Nani angeamini, hata ningesema? Fundi Mbeyu wa Muyeye, miwani puani, tepu shingoni, anayewafokea wanaochelewa kuchukua nguo zao, eti chini ya meza ya kukatia ana kijimashine cha kunasa vidude, wale viumbe wa kwenye kioo! Mteja wako mmoja, mama wa Kiitaliano, ndiye aliyekuachia gemu hiyo alipokuwa anarudi kwao, akidhani una watoto. Uliitia kwenye droo ya vifungo ukaisahau, ndivyo ulivyodai. Lakini siku moja nilipotoka shule nilikukuta umeinama, midomo inacheza, unasoma maandishi kwa Kiitaliano chako cha wateja. Hukuniangalia. Ulisema tu, "Kadzo, funga mlango. Kuna kitu kinanifuata kwenye nyasi."

Tangu hapo saa zile za mchana zikawa zetu. Unakumbuka jinsi mtaa unavyonyamaza baada ya chakula, jua likiwa kali hadi kuku wanalala? Cherehani nayo ilinyamaza. Ulinisomea, nami nilibonyeza, na chumba kile kidogo kilijaa nchi nyingine, yenye mito ya buluu na misitu inayong'aa. Kila kidude ambaye hatujamnasa alikuwa kivuli cheusi kwenye ukurasa wa orodha ya gemu. Tukimnasa, kivuli kinajaa rangi. Ulikuwa ukipiga paja. "Amevaa!" ulikuwa ukisema. "Huyu naye amevaa!"

Ukawapa majina ya wateja. Yule ambaye tumbo lake hufika kabla ya miguu akawa Mzee Charo. Ndege wa moto asiyefunga mdomo akawa Mama Riziki, na Mama Riziki mwenyewe alipokuja kupimwa blauzi, mimi na wewe hatukuthubutu kutazamana. "Mbona mnanicheka?" aliuliza. Ukamjibu kwa uso mkavu kabisa, "Nyoosha mkono, dada, nipime kwapa."

Na yule konokono mwenye taa mgongoni ukamwita Kadzo. Nilinuna. Nilikuuliza kwa nini mimi. Ukamgusa kwa ncha ya kidole, akaingia ndani ya gamba na taa ikazimika. "Nimekosea?" ukaniuliza.

Hukukosea.

Ni yeye aliyetushinda. Tuliwapata wote, hata yule wa chini ya ziwa aliyetutesa msimu mzima wa mvua, kikabaki kivuli kimoja tu, umbo la Kadzo akishakuwa mkubwa. Ulisoma maelezo yake mara mbili. Hakui kwa kupigana wala kwa kulishwa. Lazima apelekwe kwa waya kwenye mashine ya mchezaji mwingine, akue akiwa kule, kisha mwenye mashine akubali kumrudisha. Nikasema, "Kama mtu anayepelekwa Mombasa kusoma." Ukasema, "Na akinogewa asirudi?" Sote tulijua hatuna mtu wa kumwomba. Wewe ungekufa kwa aibu mtu akijua unacheza. Mimi ningekufa kwa aibu nikiongea na mtu. Ukaizima ukasema, "Basi. Huyu tumfanye kifungo cha mwisho."

Kifungo cha mwisho! Mafundi wengine wakikusikia walikuwa wakikushangaa. Hukuwahi kukishona mpaka mwenye nguo aje aivae, asimame mbele yako, ukishone akiwa ndani yake. Ulisema nguo isiyo na mwenyewe haijaisha, na mtu anayesubiri kifungo lazima atoe habari. Kwa hiyo ulipotutoka, nguo zote zilizoning'inia pale zilikuwa na pengo moja, zote. Wenyewe wamekuja mmoja mmoja. Baba ameniruhusu nifungue chumba siku za Jumamosi, nami nimewashonea. Vifungo vyangu vinakaa upande, lakini hakuna aliyelalamika. Mama Riziki alisimama bila kusema neno hata moja, hebu fikiria, mpaka nikakata uzi. Imebaki nguo moja tu. Ile ya maua ya njano, uliyokuwa ukinishonea mimi. Nilikuwa naipita tu.

Nakuota, Shangazi. Sikuoti ukiwa hospitali, ingawa pale ndipo uliponiuliza neno lako la mwisho kwangu, kwa sauti iliyokuwa nusu: "Umechaji?" Nakuota mchana, mlango uko wazi, na vidude wamepanga foleni kutoka kizingitini hadi kwenye bomba la maji, wakubwa kwa wadogo, wenye mabawa na wenye mapezi, kila mmoja anasubiri kupimwa. Unawapima bila haraka. Unaandika kwa chaki ukutani. Mwisho wa foleni kuna kivuli kisicho na uso, kimesimama kwa adabu, na kila nikitaka kuona kama zamu yake imefika, naamka.

Ndiyo maana nikafanya nililolifanya.

Muhula huu amekuja msichana mgeni darasani kwetu, Atieno, kutoka Kisumu. Mama yake amepata kazi hotelini. Sauti yake unaisikia kabla hujafika getini. Kwenye mkebe wake wa kalamu amebandika picha ya ndege wa moto. Mama Riziki, Shangazi, mzima mzima, na domo lake! Wiki nzima nilikuwa natunga sentensi moja, naisahihisha kama insha. Siku ya Ijumaa nikasimama kando ya dawati lake nikaisema: "Samahani, je, unao waya wa kubadilishana?"

"Ala! Kumbe huyu ana sauti!" Safu nzima ikacheka. Halafu akaelewa nilichouliza, akanikazia macho. "Wewe? Wewe wa vitabu? Unacheza?"

Ningeweza kusema ndiyo, mambo yakaishia hapo. Lakini niliwaza kwamba akikubali, atamshika Kadzo wako, na nikaona si haki amshike bila kujua ni wa nani. Nikamwambia, "Ni ya shangazi yangu. Alikuwa fundi wa nguo, mtu mzima mwenye miwani. Amefariki."

"Shangazi mzima? Mwenye miwani?"

"Mwenye miwani."

Atieno hakucheka. Alisema, "Aki, mimi ningempenda huyo mama." Nisamehe kwa kuitoa siri yako. Sikuona aibu yoyote, na nadhani wewe pia usingeiona.

Jana akaja Muyeye na waya wake. Tulikaa sakafuni, kati ya cherehani na meza. Nilimchagua Kadzo, nikabonyeza, akaondoka. Nafasi yake kwenye kioo changu ikabaki nyeupe. Upande wa Atieno mwanga ukatokea, akapiga kelele, "Anakua! Anakua!" Halafu akaivuta mashine kifuani. "Na nikikataa kumrudisha je?"

Nilijua ni utani. Machozi yalinitoka hata hivyo, mengi, kama sikulia vizuri kule Tezo. Atieno akashtuka. "We! Natania, jamani! Angalia, angalia hapa." Akanigeuzia kioo chake. Chini ya picha palikuwa na jina la aliyemnasa wa kwanza: MBEYU. "Hili halifutiki," akasema. "Hata nikikaa naye mpaka niwe bibi, hata nikimpa mtu mwingine, na huyo ampe mwingine. Jina lake linaenda naye."

Hatukulijua hilo, Shangazi. Wote wale, Mzee Charo na wenzake, wamebeba jina lako.

Akamrudisha. Amekuwa mkubwa, taa yake sasa iko kwenye paji la uso, inamulika mbele. Gamba bado analo. Kile kivuli kikajaa rangi, na ukurasa ukawa mzima. Ikatokea karatasi ya pongezi yenye mapambo, kwa Kiitaliano. Sikuelewa ila jina lako. Nikapiga paja, nikasema, "Amevaa."

Atieno ameniuliza kama nitaanza upya. Kuanza upya ni lazima kwanza ufute mchezaji wa zamani. Nakuahidi sitafanya hivyo. Nitaichaji, kama ulivyoniuliza, na saa za mchana nitapita kule kuwasalimu vidude wetu. Lala salama, Shangazi yangu. Nikiiota tena ile foleni, nitatazama mwisho wake bila hofu.

Atieno alipoondoka niliivaa nguo ya maua ya njano. Nikasimama mbele ya kioo chako cha kupimia, nikashona kifungo cha mwisho nikiwa ndani yake, polepole, nisijidunge. Uzi nikaukata kwa meno, jambo ulilonikataza. Kisha nikaona Atieno amesahau waya wake sakafuni. Nikafunga chumba, nikamfuata barabarani, nikimwita kwa sauti.

Kadzo