Sekunde Thelathini za Tanuri Saba

Burslem,
9 Oktoba 2011

Mpendwa mdogo wangu Nesta,

Nakusalimu kutoka jikoni kwangu, mvua inanyesha na birika limeshachemka mara mbili kabla sijapata kalamu inayoandika. Habari za Adelaide? Goti lako linaendeleaje, na yule daktari mpya amekufaa? Mwambie shemeji aache kupanda paani. Mwanamume wa miaka sabini na tisa hana shughuli na paa. Mimi ni mzima. Presha hupanda na kushuka ipendavyo, lakini mikono haitetemeki hata kidogo, na wewe unajua kiwandani kwetu kwa vyombo vya udongo hakuna aliyenishinda kuchora mstari wa dhahabu kwenye ukingo wa kikombe. Juzi nilitunga uzi kwenye sindano bila miwani, mbele ya watu.

Mwanangu Roland naye hajambo. Anaendelea na kazi yake ya ufundi wa piano, na huitwa hadi makanisa ya Chester, maana huko hawana mtu mwenye sikio kama lake. Mama Doreen wa jirani anasema mwanawe ni meneja. Nami nikamwuliza, huyo meneja ana watu wazima wanaosafiri kutoka Cardiff kuja kumtazama tu? Akaingia ndani kwake.

Hiyo ndiyo habari niliyotaka kukuandikia. Wewe ulihama kabla vijana hawajaunda bendi yao ya Mnara wa Chumvi, kwa hiyo acha nikueleze. Walikuwa wanne. Roland alipiga kinanda, na gitaa lilikuwa la Barry Machin, yule mrefu aliyekuwa akila kwangu kila Alhamisi, chapati za shayiri na jibini, sita kwa mkupuo. Mwaka wa sabini na tatu walitoa santuri yenye nyimbo mbili tu, mmoja kila upande. Usishangae. Kila wimbo unapita dakika ishirini. Unaweza kuchemsha yai, ukalila, ukaosha sahani, na bado hakuna aliyefungua kinywa kuimba. Upande wa kwanza ni “Tanuri Saba”, wa pili “Binti Mpima Nyota”. Mimi binafsi sioni tofauti kubwa, lakini kuna watu wamegombana na wake zao kwa ajili ya tofauti hiyo.

Watu hao hukutana hapa Burslem kila Septemba, kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi. Ni wanaume wenye mvi, matumbo yamewatangulia, wamevaa fulana walizonunua wakiwa wembamba. Wana desturi yao. Msemaji mmoja anatetea “Tanuri”, mwingine anatetea “Binti”, kila mmoja kwa dakika ishirini, kwa kuwa wanasema wimbo wa dakika ishirini hauwezi kutetewa kwa tano. Kisha hupigwa kura kwa kuinua jalada la santuri. Wa “Tanuri” huonyesha mbele, wa “Binti” huonyesha nyuma. Wimbo ulioshinda hupigwa wote, nao husimama wima kama kanisani, na ni mwiko kukohoa au kwenda msalani. Kwa umri wao, hiyo si kazi ndogo.

Mwaka huu walimwalika Roland kuwa mgeni wa heshima, nami nikawekewa kiti safu ya mbele. Nilivaa ile kofia ya buluu. Garini Roland aliniambia kwamba “Tanuri” ikishinda atatoka nje, na watu wafikirie watakavyo. Hilo halikunishangaza. Katikati ya wimbo ule, dakika ya kumi na moja hivi, palikuwa na mahali ambapo kinanda chake kilibaki peke yake, kikashuka polepole kwa nusu dakika, ndipo gitaa likaingia. Roland aliitengeneza nusu dakika ile kwa miezi miwili. Santuri ilipotoka, haimo. Kinanda kinapanda, kinapanda, mara gitaa linavunja mlango. Na aliyepeleka utepe uliorekodiwa wimbo London kwa kampuni ya santuri, akiendesha gari peke yake, ni Barry. Roland akasema Barry amemkata ili yeye ang’ae. Barry akaapa kwa kaburi la baba yake. Walirushiana maneno humu humu jikoni, mpaka Krismasi bendi ikafa. Roland alipooa, Barry ndiye angekuwa mpambe wake, lakini hakutia mguu harusini. Mama yake Barry alipozikwa, Roland hakwenda. Miaka thelathini na minane, Nesta, mji mmoja, kila mmoja akimwona mwenzake huvuka barabara amkwepe.

Basi mjadala ukaanza. Aliyetetea “Tanuri” ni Lionel Tunnicliffe, alikuwa posta, amestaafu. Huyo bwana aliongea habari ya ule mkato wa dakika ya kumi na moja mpaka jasho likamtoka. Alisema hapo ndipo muziki wote wa zama zile ulipofika kileleni, kwamba mtu wa kawaida angeteremka kwa ngazi, lakini Mnara wa Chumvi waliruka dirishani. Akasema ameandika kurasa kumi na moja juu ya mahali hapo katika jarida lao. Sauti ikatoka nyuma ikimwambia tumezisoma, Lionel, wake zetu ni mashahidi, tulilala saa mbili usiku. Ukumbi ukacheka.

Akainuka Gethin, yule wa Cardiff, mfupi mwenye sauti ya kwaya. Alisema “Tanuri” ni wimbo wa watu wanaopenda kushtuliwa, na anayetaka kushtuliwa aende akashike waya wa umeme, ni bei rahisi. “Binti” una mwanzo, una safari, una kufika. Lionel akamkatiza kwamba ndiyo, una kufika, ila msikilizaji anafika akiwa maiti. Gethin akamjibu wewe babu, masikio yako yamejaa nta tangu enzi za posta, ndiyo maana barua zetu zilikuwa zinakwenda kwa jirani. Wakaambiana mengi ambayo siyaandiki, lakini hakuna aliyenuna. Wanapendana hao. Mimi nilikuwa nikila biskuti yangu na kumtazama Roland, ambaye alikuwa akitazama viatu vyake.

Kura zikahesabiwa mara tatu. Arobaini na tatu “Tanuri”, arobaini na tatu “Binti”, mmoja amelala. Wakamwomba Roland aamue, akakataa kwa kichwa. Ndipo mtu akapaza sauti: mama aamue, mama yake ndiye aliyewazaa wote wawili, kinanda na mpigaji! Wakapiga makofi kwa mdundo, nikashikwa mkono nikapandishwa jukwaani, nikapewa kipaza sauti. Na kutoka juu pale nikamwona Barry. Alikuwa amekaa karibu na mlango, ana fimbo, hajavua koti. Lionel aliniambia baadaye kwamba huja kila mwaka, hukaa pale pale, na huondoka kabla ya kura.

Mwaka huu hakuondoka, kwa sababu Roland alikuwepo.

Sikuwa nimepanga, Nesta. Nilifungua kinywa niseme “Binti”, mwanangu apate amani, twende nyumbani. Badala yake nikasema kwamba mkato ule wa dakika ya kumi na moja niliukata mimi. Kwa mkasi wangu wa kushonea.

Nikawaeleza ilivyokuwa. Roland alikuja na utepe nyumbani Ijumaa, na Jumatatu Barry aupeleke London. Jumamosi vijana wametoka. Mimi nikamwita Mama Doreen aje asikie mwanangu anavyopiga, maana alikuwa amenichosha na habari za cheti cha mwanawe. Nikawasha mashine sebuleni kama nilivyomwona Roland akiwasha. Ikapiga vizuri, kisha ikaanza kuutafuna utepe, ukajikunja ndani kama utumbo wa samaki. Nikauvuta. Mita kumi na zaidi zimekunjamana na kuchanika, hazifai. Mama Doreen akakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni kwake. Nilikuwa nimemtazama Roland akiunga utepe kwa plasta yake nyeupe, nami mkono wangu unajulikana. Nikakata palipoharibika, nikaunga sawasawa, nikaurudisha kwenye boksi lake. Vipande nikavitia motoni. Nilidhani kwenye wimbo mrefu kiasi kile hakuna atakayegundua.

Lionel akakaa chini taratibu, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akafikiri, halafu akasema kwamba haibadilishi kitu, Mungu aliuongoza mkasi. Gethin akamwambia aziandike upya zile kurasa kumi na moja kwa jina la mama. Safari hii hakuna aliyecheka sana.

Roland hakunitazama. Aliinuka, akapita katikati ya viti, nikajua anatoka nje. Alipofika mlangoni akasimama mbele ya Barry. Hakumpa mkono. Alisimama tu, na Barry akahangaika na fimbo yake mpaka akasimama naye. Kisha Roland akarudi mbele, akaketi kwenye kinanda kilichokuwa jukwaani, akaweka vidole, nikaelewa kwamba anataka kuipiga ile nusu dakika. Akaanza, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Hakuikumbuka, Nesta. Mwanangu mwenye sikio la kuitwa Chester alikuwa amebeba chuki ya nusu dakika kwa miaka thelathini na minane, na nusu dakika yenyewe imeshamtoka.

Ndipo Barry akaanza kuiimba kwa mdomo uliofumbwa, akiwa kule kule nyuma. Sauti haina nguvu, lakini nota moja moja, toka juu hadi chini, bila kukosea. Roland akamfuata kwa vidole. Walipomaliza walirudia. Hakuna wimbo uliopigwa siku hiyo, na sikuulizwa tena kura yangu.

Aliyenirudisha nyumbani ni Barry. Tulipofika mlangoni aliniuliza jambo moja tu: mama, siku ile jikoni, nilipoapa, ulikuwa umesimama pale pale penye jiko, kwa nini hukusema? Nikamjibu kwamba niliogopa. Akaitikia, akaniaga vizuri.

Lakini wewe ni ndugu yangu, tumelala kitanda kimoja, kwa hiyo nitakwambia nisichomwambia yeye. Niliogopa miezi michache tu. Kisha watu wakaanza kunisimamisha sokoni, wakisema wimbo wa mwanao, pale panapokatika, nywele zinasimama. Magazetini vilevile. Kila mtu alisifu pale. Na mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na minne, niliyepaka vikombe maelfu bila jina langu kuandikwa hata chini ya kimoja, nikawa nakwenda kitandani najua kwamba pale ni pangu. Nilipenda, Nesta. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda. Nilimwacha mwanangu apoteze rafiki yake, na kila nilipojisifu kwa ajili yake, nusu nilikuwa najisifu mwenyewe.

Roland hajanipigia simu wiki mbili sasa. Simlaumu. Nasikia Alhamisi iliyopita alikuwa kwa Barry. Nitamwandikia haya niliyokuandikia wewe, ila nilitaka kwanza nione kama kalamu itakubali. Imekubali.

Nisalimie shemeji na watoto, waambie mama yao mkubwa anawakumbuka kwa majina yote, hata wale wadogo ambao hamniletei picha zao. Paka goti dawa, na usinijibu kwa kunihurumia. Nijibu kama unavyonijua.

Ni mimi dada yako,
Hilda Colclough