Njahi Yenye Tulikataa

Gakindu, Mukurweini
14 Mei 1971

Kwako Abdisalan, huko Nanyuki,

Pokea salamu, hata kama leo kalamu inakanyaga hii karatasi mpaka inataka kupasuka. Uko namna gani? Wa nyumbani wako salama? Mama yako, ule mguu ulikuwa unamsumbua, umepona? Msalimie sana. Na dada yako Hawo pia, mwambie sijasahau ile chai ya maziwa ya ngamia alinipatia nikatoka nje mbio, na yeye akacheka mpaka akakaa chini. Mimi mwili iko sawa. Huku mvua haijaisha, watu wanachuma kahawa, kila mtu ni matope mpaka magoti. Lakini ukiuliza habari ya roho, hapo ndio utakaa chini usome pole pole.

Barua yako ilifika. Umesema ati siku ya Madaraka nyinyi wa kilabu ya vijana wa kujitolea huko Nanyuki mtakuja hapa na D.O., yule mkubwa wa serikali, mpige picha mbele ya ile nyumba tulijengea Mama Watiri, na ati nimwambie avae leso nzuri. Halafu hapo chini ukaandika, kama kuna maneno ya wanakijiji niwache tu, ati washamba wanachelewa kuelewa maendeleo. Abdi, nilitoka nje nikapasua kuni yote ya mama, hata ile mbichi. Mshamba ni nani? Mimi ni mshamba. Mama yangu ni mshamba. Na wewe unauza mbuzi, sijui hiyo ni kazi ya Ulaya tangu lini.

Sasa sikiliza, nikueleze kitu yenye sheria yako ilifanya hapa.

Unakumbuka vile tulitoa hiyo sheria. Tulikuwa tumemaliza kukarabati paa ya yule mzee karibu na soko ya ng'ombe, mzee akafurahi akachinja kuku, na wewe na Hawo mkasema hamwezi kula kwa sababu si Mwislamu amechinja. Vijana wetu wakakasirika, ati mnajiona wasafi. Karibu tupigane na nyundo. Ndio wewe ukasimama juu ya debe ukasema kutoka leo kilabu haili kwa mtu imesaidia, kila memba akuje na mkate yake kwa mfuko. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kushinda wote. Niliona hiyo ni akili kubwa, na kwa Nanyuki ilikuwa akili kubwa, sikatai.

Basi nilipowacha kazi ya kupasua mbao huko nikarudi nyumbani, nikaanza kilabu hapa Gakindu na nikaileta hiyo sheria nzima nzima. Sikuigusa hata kidogo. Vijana walipenda. Chemani, yaani mwenyekiti, tulichagua Hezekiah, karani wa kiwanda ya kahawa, kwa sababu ana tai. Mimi nikawa fundi, maana hata kama niliwacha shule darasa la nne, nyumba nimejifundisha kwa kuangalia, na unajua ninajenga.

Tukatengeneza barabara ya kwenda mtoni. Tukachimba choo ya shule. Hapo hakuna mtu alitupikia, kwa hivyo hakuna shida ilionekana. Kisha tukaenda kwa Mama Watiri.

Huyo ni mama mjane, jina lake Gathoni, ana msichana mmoja tu, Watiri, na huyo Watiri alikuwa ameposwa na kijana wa Kiriaini. Nyumba yao ilikuwa nyasi inaoza, maji ikiingia mpaka kwa kitanda. Kilabu ikaomba mabati kwa watu, tukakata miti, tukajenga ingine kando ya ile ya zamani. Nyumba ilisimama, Abdi! Milango inafunga bila kupiga teke. Jumamosi tulimaliza, mama akatoka na sufuria ya njahi, ile maharagwe nyeusi yetu, na ndizi mbivu, ile chakula watu wetu wanapikia mtu wanaheshimu, na kibuyu ya uji. Akafanya kama desturi yetu: akaonja uji yeye kwanza mbele yetu sisi wote, ndio tujue hakuna kitu mbaya ndani. Halafu akanyosha kibuyu kwa Hezekiah.

Hezekiah akafunga mikono nyuma. Akasema kwa sauti ya mkutano ati asante mama, lakini kilabu hairuhusu. Kibuyu ikaenda kwa memba wa pili, naye akakataa. Ikaenda kwa mstari wote, kila mtu akitikisa kichwa, kila mtu akitoa mkate kwa mfuko. Ikafika kwangu. Nilikuwa ninaangalia misumari chini. Nikatikisa kichwa pia.

Wewe huwezi kujua hiyo ni nini kwetu. Kwetu hukatai chakula ya mama mzee ameonja mbele yako. Mwenye unakataa namna hiyo ni mama mwenye unaogopa, mwenye anasemekana anaweka watu sumu. Na si mtu mmoja alikataa, ni kilabu nzima, kwa mstari, majirani wakiangalia kwa ua. Mama alimwaga uji chini ya mgomba, akaingia kwa ile nyumba yake ya nyasi.

Wiki haikuisha. Nikienda soko, Wacera muuza viazi akanipigia kelele mbele ya watu, ati wewe fundi, si utuambie mliona nini kwa ile sufuria? Ati vijana wengi hivyo, wenye njaa, wamefanya kazi tangu asubuhi, waache njahi bure? Nikamwambia ni sheria ya kilabu. Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema ati sheria gani hiyo inajua kunusa sumu. Watu wote wakacheka. Nilitaka kupindua viazi yake yote, kweli tena.

Kisha wanawake wenye wanalima na Mama Watiri kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, wakaanza kuwa wagonjwa siku ya shamba yake. Wote! Mgongo, kichwa, meno. Kahawa yake ikaiva ikaanguka chini. Halafu baba ya yule kijana wa Kiriaini, Mzee Ngatia, akaja na wazee kunywa pombe ya maposo. Walipitia soko kwanza, unajua vile soko inasema. Wakakaa, pombe ikaonjwa, ikamiminwa, na Mzee Ngatia akasema ati tumbo inamsumbua siku hizi. Wazee wake pia, tumbo. Wakaondoka. Watiri hatoki nje sasa. Na sisi ndio tulifanya hivyo, si Wacera. Wacera alichukua tu kitu tulimpatia.

Nikaita mkutano. Nikawaambia twende wote, na hiyo tai ya Hezekiah, tukae chini kwa ua ya mama tukule mbele ya watu, iishe. Hezekiah akasema ati kilabu haiwezi kupinda sheria kwa sababu ya ushirikina, ati tutaonekana wajinga mbele ya D.O. Nikamuuliza yeye binafsi kama anaogopa hiyo njahi. Akaanza kunyosha tai! Abdi, ni tai alinyosha. Nikaangalia wengine, nao wanaangalia viatu. Hapo nikaelewa. Wameanza kuamini. Maneno tulitoa kwa mdomo yetu bila kujua imezunguka soko ikaturudia, na wao wenyewe wameimeza. Nikawaita waoga, nikawaita na majina ingine yenye siwezi kuandika kwa barua inapita kwa posta. Wakanifukuza. Kilabu yenye nilianza mimi.

Sasa fika karibu, hapa ndio nataka usikie.

Hiyo nyumba ya picha haiko. Nimeing'oa.

Jumatano ya wiki imepita Mama Watiri alinitumia neno niende. Kumbe hajalala kwa hiyo nyumba hata siku moja, wala hajawasha moto ndani. Akaniuliza ati kijana ya Wamucii, si ni wewe ulipiga misumari? Nikasema ndio ni mimi. Akasema basi unajua vile inatoka. Nikamwomba, Abdi, nilimwomba kama mtoto. Nikamwambia mvua, nikamwambia Watiri, nikamwambia mabati nzuri. Akasema nyumba yenye mafundi wake waliogopa kula mlangoni ni zizi, na yeye hana ng'ombe. Akasema ati ikisimama hapo, kila mtu anapita barabarani ataiangalia akumbuke, hata yeye akishakufa wataendelea kukumbuka. Nikaenda kuleta nyundo.

Nikapanda juu. Mabati ikashuka moja moja, yeye na Watiri wakipokea chini. Watu wakajaa kwa ua. Hezekiah akafika mbio, ati hiyo ni mali ya kilabu, ati nitashtakiwa kwa chifu. Nikamwambia apande anikamate. Hakupanda, suruali ilikuwa imepigwa pasi.

Nilipomaliza, mama akaleta sufuria, akaiweka hapo chini katikati ya mashimo ya nguzo. Akaonja. Akanipatia. Nikakula yote, mbele yao wote, na nikaomba ingine. Ilikuwa imekosa chumvi na nikamwambia, akanitukana, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nimesikia sauti yake ya kweli tangu siku ya kibuyu. Mama yangu alikuwa kwa ua akilia ati mtoto wake ameisha. Baba alisema nisirudi nyumbani mpaka ijulikane kama nitakufa au nitaishi. Kwa hivyo ninalala hapa kwa ghala ya mahindi ya Mama Watiri. Kila asubuhi watu wanapita pole pole wakichungulia. Mimi nawasalimia kwa sauti kubwa sana.

Mtu mmoja akikula haitoshi, wanasema ati mimi nimerogwa tayari. Murugi peke yake kwa kilabu ndio alikuja jana. Alisimama kwa mlango ya ua muda mrefu, amefura kwa hasira, kisha akauliza kama kuna kitu imebaki. Alikula amesimama, kama mtu wa kukimbia. Lakini alikula. Mzee Ngatia ametuma neno ati anaangalia kwanza kama tutaishi.

Basi kujeni siku ya Madaraka. Mlete D.O., yeye akuje, aone. Lakini kabla ya hotuba mtakaa chini hapa mkule kwa mkono ya huyu mama, wewe wa kwanza, kwa sababu hiyo sheria ilitoka kwa mdomo yako na mimi nikaibeba. Mbuzi iko. Mwambie mjomba wako Kulmiye akuje na kisu yake achinje yeye, ndio usiniambie habari ya nani amechinja, na mama atapika mbele ya macho yako. Baada ya kula ndio tutapiga msumari, nyumba isimame tena. Kama utakuja na picha tu, shukia Karatina, panda basi ya kurudi, na mimi na wewe tumeisha.

Nisalimie Hawo, nisalimie mama yako na huo mguu, na vijana wote wa soko ya ng'ombe wenye bado wananikumbuka. Mama Watiri amesema nikuulize kama unakula pilipili.

Ni mimi,
Wamae wa Wamucii,
mzima mpaka leo asubuhi.