Pacha wa Pili

Kikula, Likasi, tarehe 14 Mei

Kwako yaya Georgette, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Fidèle na mapacha. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba umeme wa bwawa la hapo Mwadingusha unawaka kwenu kuliko unavyotufikia sisi. Huku tuko salama. Mama anauliza ubatizo wa watoto ni lini, maana kitambaa alishanunua. Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako haipatikani tangu Jumapili, na dereva Eddy anakuja huko kesho na gari la unga, atakuletea.

Uliniuliza stage yangu, haya mafunzo ya kazini, ni ya nini hasa. Kuna programu ya kuandikisha wagonjwa, inayojengwa na watu wa nchi nyingi. Yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Kituo chenu cha afya kinaitumia pia. Mimi naandika majaribio yanayojiendesha: programu ikibadilishwa, yanaipelekea maombi mia mbili na kulinganisha majibu. Jibu likiwa sawa, kijani. Likikosea, nyekundu, na toleo jipya halitoki. Mikono haichafuki, kwa hiyo baba haamini kama ni kazi.

Mwezi wa tatu nilikosa mifano ya wagonjwa, nikatumia majina ya binti zako. Programu ilimpokea Mbuyi. Kwa Kabanga ikajibu kwamba tayari yumo. Sababu niliielewa upesi. Walioianzisha huko Ulaya wanajua jina la ukoo na prénom tu, yaani jina la ubatizo; postnom yetu, kama Mbuyi au Kabanga, haihesabiwi. Na watoto wako, kwa kuwa hawajabatizwa, prénom hawana. Ukoo mmoja, tarehe moja, mama mmoja: kwa mashine ni mtoto mmoja.

Jumamosi ulituma ujumbe kwamba muuguzi alimchoma Mbuyi sindano ya surua, akamrudisha Kabanga, akisema ordinateri inaonyesha huyu mutoto alisha kupata. Ulicheka kwamba hata mashine inawachanganya. Kisha ukasema surua imeingia kwa jirani yako.

Yaya, jaribio lile la mapacha lilikuwa jekundu asubuhi ambayo msimamizi wangu, monsieur Ruffin, alikuwa anawaonyesha wageni kazi yangu. Kabla hawajaingia nilibadilisha jibu linalotarajiwa: nikaandika kwamba kumkataa mtoto wa pili ndiyo sahihi. Yote yakawa kijani. Monsieur akasema kazi iko muzuri. Toleo likatoka. Nilipanga kurekebisha baadaye, nikasahau. Naona aibu, na naogopa.

Jana nilimwambia monsieur kila kitu, nikarudisha jaribio lilivyokuwa. Ni jekundu. Hajasema kama atasaini ripoti yangu, na bila sahihi yake mwaka wangu wa masomo umekwenda. Wewe usingoje programu irekebishwe. Ukimaliza kusoma, mbebe Kabanga na kadi yake ya karatasi, umwambie muuguzi afuate kadi, asitazame mashine.

Msalimie shemeji. Msalimie Mbuyi. Na Kabanga umsalimie peke yake, kwa jina lake.

Mdogo wako,
Danielle