Bakteria wa Barafu Kiganjani

Shoga, nimeua. Usinipigie, niko chooni kazini nalia.

Unamkumbuka yule bakteria wangu niliyemtoa kwenye barafu ya mlimani, yule mpya ambaye hajulikani popote duniani? Kilikuwa kimebaki kichupa kimoja tu. Wale wa akiba wote waligoma kuota wiki iliyopita.

Leo wamekuja wageni, bosi akaniambia niwaeleze. Mimi na mdomo wangu! Nikakitoa kichupa kwenye friji, nikaanza: huyu anaishi kwenye baridi kali, joto likifika nyuzi ishirini tu anakufa. Wakapiga makofi. Nikanogewa, nikaendelea.

Bosi akaniuliza taratibu, “Umesema anakufa nyuzi ngapi?”

Nikajibu kwa mbwembwe, “Ishirini, mzee!”

“Na hicho kichupa kiko wapi?”

Shoga, kilikuwa kiganjani mwangu. Nusu saa nzima nimekifumbata! NUSU SAA!

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliwafungulia wageni mlango tu.

Nimekirudisha kwenye baridi, lakini najua.

Halafu fomu ya kumpa yule bakteria jina rasmi nilishaijaza jana, nilitaka nikushtukize. Nilimpa jina lako.